Triathloni Fupi Katika Baridi na Mvua: Linda Vidole Kwanza

Msimu wa triathloni nchini Uingereza hufunguliwa mwezi Aprili, miti ikiwa ndiyo kwanza inachipua na jua likiwa halijapata makali. Yanayotangulia ni mashindano mafupi: meta 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio za miguu, nusu ya umbali unaoshindaniwa kwenye Olimpiki. Anayejiandikisha mwezi Januari, amekaa sebuleni penye joto, huiona siku hiyo kama kipimo chepesi cha kufungulia mwaka. Siku ikiwadia hukuta wingu zito, hewa ya digrii 8, ziwa la digrii 12 au 13, na mvua ambayo si kubwa wala haikatiki.

Kwa aliyejifunzia kuogelea pwani ya Mombasa au Zanzibar, ambako Bahari ya Hindi huwa na digrii kati ya 25 na 30 mwaka mzima, tarakimu hizo si za kupitia harakaharaka. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Mtu anaweza kusimama uani katika hewa ya digrii 12 akiwa amevaa shati moja na asipate taabu kubwa; akiingia katika maji ya digrii hizohizo, pumzi humkatika kabla hajapiga mkono wa kwanza.

Wengi hujiandaa kwa hofu hiyo ya pumzi, na wana haki. Lakini kinachoharibu shindano la mtu aliyefanya mazoezi ya kutosha mara nyingi ni kitu kidogo zaidi: vidole. Mwili ukianza kupoa hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili ubaki na joto la kulinda moyo, mapafu na ubongo. Dakika chache baadaye vidole vimekufa ganzi. Zipu ya suti ya kuogelea haishikiki, kifungo cha helmeti hakiingii, breki inavutwa kwa kubahatisha, pakiti ya jeli haichaniki, kiatu hakivaliki. Mapafu yangali na nguvu tele, ila mwenye mapafu hayo amesimama kwenye mvua anapambana na kifungo cha plastiki.

Kuna jambo la kimaumbile ambalo wanaoanza hawaambiwi. Misuli mingi inayokunja na kukunjua vidole haimo kwenye kiganja, imo kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kigasha kikipoa, vidole hulegea hata vikiwa ndani ya glavu nzuri. Ndiyo maana mkono mrefu wa jaketi una thamani kubwa kuliko uzito wake, na ndiyo maana glavu peke yake haitoshi.

Baridi na mvua huwapanga wanariadha upya kwa namna ambayo jua haliwezi. Tarehe 16 Aprili 2018, mbio za marathoni za Boston zilikimbiwa katika mvua ya kumwagika, upepo wa mbele na baridi ya digrii chache tu juu ya sifuri. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi na bingwa wa dunia wa mwaka 2017, aliongoza hadi karibu na mwisho, kisha akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa serikali aliyekuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Kawauchi alimaliza kwa saa 2:15:58, Kirui akafuata kwa 2:18:23. Kwa upande wa wanawake, Desiree Linden wa Marekani alishinda kwa 2:39:54. Wakimbiaji kadhaa wa kulipwa, wenye muda bora kuliko huo kwa mbali, walijiondoa njiani. Kawauchi, kwa upande wake, alikuwa amekimbia marathoni nyingine katika jimbo hilohilo la Massachusetts siku ya mwaka mpya wa 2018, kwenye baridi kali iliyo chini ya sifuri. Baridi haikumkuta mgeni.

Wiki za kuzoea

Habari njema ni kwamba mwili hufundishika. Mike Tipton, profesa wa Chuo Kikuu cha Portsmouth aliyetumia miaka mingi kuchunguza maji baridi, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba kuingia majini mara tano au sita tu, dakika mbili tatu kila mara, hupunguza mshtuko wa baridi kwa kiasi cha nusu, na faida hiyo hudumu kwa miezi. Hakuna haja ya kujitesa nusu saa. Tafuta ziwa lenye waokoaji na saa maalumu za waogeleaji, vaa suti utakayoshindana nayo, ingia taratibu hadi mabegani, tulia mpaka pumzi irudi, chovya uso, ogelea kidogo, toka. Usiende peke yako hata ukiwa bingwa wa kijiji chako.

Suti yenyewe ni ya neoprini, mpira wenye viputo vidogo vya gesi vinavyozuia joto lisitoroke. Kanuni za kimataifa zinaruhusu unene usiozidi milimita 5. Si lazima kununua mpya. Yapo maduka yanayokodisha kwa msimu mzima. La muhimu ni ikubane bila kukaba: maji yakipita kwa wingi mgongoni suti inakuwa mzigo, na ikikaza kifua kupita kiasi inaongeza hofu na kuzidisha shida ya kupumua. Kwa mashindano ya Uingereza, suti ni lazima maji yakiwa chini ya digrii 14, na yakishuka chini ya 11 kuogelea nje hufutwa. Shindano likifutiwa maji hugeuzwa kuwa kukimbia, baiskeli, kisha kukimbia tena. Mwenye busara huweka viatu vya mbio tayari kwa uwezekano huo, badala ya kuanza kuhangaika baada ya tangazo la kipaza sauti.

Kisha kuna zoezi moja linalofanyika nyumbani bila gharama, na pengine ndilo lenye faida kubwa kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu. Jaza ndoo maji na barafu. Tumbukiza mikono hadi viwiko kwa dakika mbili. Itoe, kisha jaribu kufanya kila kazi utakayoifanya siku ya shindano: funga helmeti, vuta zipu ya jaketi, vaa soksi, fungua jeli, badilisha gia. Kile kitakachokushinda jikoni kitakushinda maradufu kwenye uwanja wa matope. Basi kibadilishe mapema. Funga uzi mnene wenye fundo kwenye zipu ya jaketi ili uivute kwa ngumi. Toa kamba za viatu uweke za mpira zisizohitaji kufungwa. Jeli zikamue ndani ya chupa ya baiskeli uchanganye na maji, zisihitaji kuchanwa kabisa. Kama helmeti yako ina kifungo kidogo cha kubana kwa kucha, zipo zenye kifungo cha sumaku kinachojifunga kwa mkono mmoja.

Baiskeli nayo ifanyiwe mazoezi kwenye mvua, si kwenye mashine ya ndani tu. Ndugu wawili wa Yorkshire, Alistair na Jonathan Brownlee, walikulia na kufanya mazoezi katika barabara za vilima vya kaskazini mwa Uingereza ambako kulowa ni jambo la kila wiki. Alistair alitwaa dhahabu ya Olimpiki London 2012 na Rio 2016, Jonathan shaba na kisha fedha. Hakuna anayehitaji kuwa Brownlee ili kujifunza jinsi breki zake zinavyochelewa zikiwa zimelowa. Anahitaji tu kutoka nje siku ambayo angependa kubaki ndani.

Asubuhi yenyewe

Kifungua kinywa kiliwe saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza, na kiwe kitu ambacho tumbo linakijua. Uji wa shayiri unafaa, mkate na ndizi vinafaa. Maji yanywewe kwa kiasi. Baridi humfanya mtu akojoe mara kwa mara, na kujijaza maji mengi kabla ya kuingia ziwani kunaweza kuelemea mapafu. Beba chupa mbili za chai: moja ya kinywaji cha moto cha kumalizia, nyingine ya maji ya uvuguvugu. Hiyo ya pili itaelezwa kazi yake hivi punde.

Katika eneo la kubadilishia, kila kilicho kikavu kibaki kikavu hadi dakika kitakapohitajika. Mifuko miwili ya plastiki inatosha: mmoja wa baiskeli, wenye taulo dogo juu kabisa, kisha jaketi, soksi na glavu, mwingine wa mbio, wenye viatu na soksi za akiba. Soksi zikunjwe nusu ndani nje na kunyunyizwa poda ili zipite kwenye mguu uliolowa. Helmeti ipinduliwe, tumbo chini, isigeuke bakuli la mvua. Hesabu safu za vyuma vya kutundikia baiskeli na uzitembee mara mbili kutoka kwenye mlango wa ziwani, kwa sababu mtu anayetoka kwenye maji baridi huwa na akili nzito kuliko anavyodhani.

Kosa la kawaida zaidi asubuhi hiyo ni kuvua nguo mapema. Watu hufika, hupanga vifaa, huvaa suti nusu, kisha husimama dakika 40 wakisikiliza maelekezo huku mabega yakinyeshewa. Wanaingia majini wakiwa tayari wamepoa. Vaa sweta kuukuu na mfuko mkubwa wa taka uliotobolewa kichwa na mikono, kofia ya sufi na viatu ambavyo huvionei huruma, ubaki navyo hadi dakika za mwisho. Pasha mwili joto nchi kavu: kimbia polepole, zungusha mikono, ruka papo hapo. Suti ikishafungwa, mwaga yale maji ya uvuguvugu shingoni yaingie ndani. Tabaka jembamba la maji kati ya ngozi na neoprini litakuwepo kwa vyovyote. Afadhali lianze likiwa na joto kuliko kuachia mwili kazi ya kulipasha.

Kofia mbili za kuogelea, ya mpira laini chini na ya waandaaji juu, huhifadhi joto vizuri. Vizibo vya masikio navyo visidharauliwe. Maji baridi yakiingia ndani ya sikio huvuruga kiungo cha mizani, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watu kupepesuka wanaposimama ufukweni. Glavu na soksi za neoprini haziruhusiwi kila mahali, hivyo soma maelekezo ya waandaaji kabla hujazitegemea.

Majini: dakika mbili za kwanza

Ngozi inapopoa ghafla, mwili huvuta pumzi moja kubwa bila hiari, kisha hupumua harakaharaka na moyo hupiga kwa kasi. Mshtuko huo hufikia kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza na huanza kutulia baada ya dakika mbili tatu. Hatari yake iko wazi: pumzi ile ya kwanza ikivutwa uso ukiwa chini ya maji, kinachoingia ni maji. Kwa hiyo mshtuko umalizwe kabla ya kipenga. Kama waandaaji wanaruhusu, ingia mapema, chovya uso na shingo mara kadhaa, puliza hewa polepole ndani ya maji, na usianze kuogelea mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika.

Jipange pembeni au nyuma. Wanaokimbilia katikati ya kundi wakiwa bado wanatweta ndio wanaoishia kushika kayaki ya waokoaji. Na kushika kayaki si aibu wala si kosa; kanuni zinaruhusu kupumzika hapo mradi mtu asisukumwe mbele. Ukizidiwa, geuka chali, uache suti ikubebe juu ya maji, inua mkono. Mipigo ya kwanza iwe mirefu na ya polepole kuliko inavyotamanika, pumzi itolewe yote majini. Meta 750 zina nafasi ya kutosha ya kuongeza kasi baada ya meta 150.

Kuna dalili moja ambayo haijadiliwi wala haivumiliwi: kukohoa na kubanwa pumzi kusikolingana na juhudi, hasa kukiwa na povu au makohozi yenye rangi ya damu. Hiyo inaweza kuwa ishara ya maji ya mwilini kuvujia ndani ya mapafu, hali inayowapata baadhi ya waogeleaji kwenye maji baridi hata wakiwa na afya njema. Shindano limekwisha hapo hapo. Inua mkono, toka, onwa na daktari.

Meta mia za mwisho zitumike kupiga miguu kwa nguvu kidogo zaidi, damu ishuke hukohuko itakakohitajika, na vidole vikunjwe na kukunjuliwa kila mkono unaporudi mbele hewani. Ukigusa chini, simama taratibu.

Mashindano mengi ya Aprili hukwepa ziwa kabisa na kuogelea meta 400 kwenye bwawa la ndani, washiriki wakianza mmoja mmoja kwa kupishana sekunde chache. Wengi hudhani hapo baridi imekwepwa. Ukweli ni kwamba bwawa la digrii 28 hutoa mtego wake: mshindani anatoka mlangoni akiwa amelowa, amepata joto, ngozi imefunguka, na amevaa kivazi chembamba tu bila suti. Hewa ya nje inamkausha kwa kumnyang'anya joto. Kwa kuwa anajisikia vizuri kwenye eneo la kubadilishia, anaruka baiskeli bila jaketi. Baridi humkuta kilomita ya tano, mbali na nguo zake. Kwa triathloni ya bwawani, uamuzi wa jaketi ufanywe kabla ya kuondoka nyumbani, usiachiwe hisia za dakika ile.

Hesabu ya jaketi

Hapa ndipo wanaoshindana kwa saa hukataa ushauri, kwa hiyo tupige hesabu. Kuvaa jaketi na glavu kwa utulivu huchukua kama sekunde 40 hadi 60. Anayeendesha kilomita 20 kwa mwendo wa kilomita 28 kwa saa hutumia dakika 42 na sekunde 51. Akipoa, akaogopa kushuka mteremko kwa sababu haamini mikono yake, akashuka hadi wastani wa kilomita 26, hutumia dakika 46 na sekunde 9. Amepoteza dakika tatu na zaidi ili kuokoa chini ya moja. Tena bado hajafika kwenye mbio, ambako mwili uliopoa huendelea kumdai.

Upepo anaoutengeneza mwendesha baiskeli mwenyewe ndio unaozidisha mambo. Hewa ya digrii 8 huhisiwa kama digrii 4 kwa mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa, na hiyo ni kwa ngozi kavu. Kizibao kisichopitisha upepo ndicho kiwango cha chini kabisa. Jaketi jepesi la mikono mirefu ni bora, kwa sababu ya vile vigasha. Lisiwe pana mno likapepea na kukuvuta nyuma, wala dogo mno likagoma kupanda kwenye mikono iliyolowa.

Utaratibu wa kuvaa una maana. Vua suti hadi kiunoni ukiwa unakimbia kutoka majini, kabla maji ya ndani hayajatoka yote, maana neoprini iliyolowa huteleza na iliyoanza kukauka hunata. Ukifika kwenye baiskeli, kausha mikono kwanza, kabla ya uso, kabla ya miguu. Kisha funga helmeti, kwa kuwa ndiyo kazi inayohitaji vidole hai kuliko zote. Halafu jaketi, soksi na viatu, na glavu mwisho. Chagua glavu zinazozidi saizi yako kidogo. Glavu inayobana haiingii kwenye kiganja chenye unyevu hata uivute vipi. Namba ya ushiriki iwe kwenye mkanda juu ya jaketi, nyuma wakati wa baiskeli na mbele wakati wa kukimbia, ili kuvaa na kuvua kusikuletee adhabu.

Adhabu hizo ni za kweli. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, ambayo triathloni yake ilikuwa ya umbali huuhuu mfupi, Hayden Wilde wa New Zealand alipewa adhabu ya sekunde 10 kwa kufungua kifungo cha helmeti kabla ya kutundika baiskeli. Alikuwa bega kwa bega na Alex Yee wa Uingereza. Yee akaondoka na dhahabu. Mtu mwenye vidole baridi hushawishika kufanya kosa hilohilo: anaanza kuhangaika na kifungo mapema kwa kuhofia kitamchelewesha. Helmeti hufungwa kabla ya kugusa baiskeli na hufunguliwa baada ya kuiachia.

Barabara iliyolowa

Hata walio bora duniani huanguka. Triathloni ya wanawake ya Olimpiki ya Tokyo, mwezi Julai 2021, ilicheleweshwa dakika 15 kwa sababu ya mvua na upepo, na barabara zenye maji zikawaangusha washindani kadhaa. Flora Duffy alishinda na kuipa Bermuda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Georgia Taylor-Brown wa Uingereza alipata pancha kuelekea mwisho wa baiskeli, akaendelea nayo hivyohivyo, na bado akapata fedha. Miaka mitatu baadaye, Paris, mvua ya usiku iliacha mawe ya barabarani yakiwa na utelezi, na wanawake kadhaa wakaanguka kwenye kona za mwanzo kabla ya Cassandre Beaugrand kuwapa Wafaransa dhahabu nyumbani.

Upepo wa matairi upunguzwe kidogo kuliko siku ya jua, ili sehemu kubwa zaidi ya mpira iguse lami. Mvua husukuma vipande vya chupa na kokoto hadi kando ya njia, kwa hiyo usiendeshe kwenye ukingo ambako takataka hukusanyika. Mistari ya rangi, vivuko vya pundamilia, mifuniko ya chemba na majani yaliyooza hayashiki tairi. Yapite ukiwa wima, bila kukata kona na bila breki. Madoa yenye rangi za upinde wa mvua ni dizeli. Dimbwi ambalo huoni chini yake lichukulie kuwa ni shimo.

Breki za kubana ukingo wa gurudumu huhitaji kugusagusa kidogo ili zifute maji kabla hazijashika. Za diski hushika upesi zaidi, lakini tairi linaloteleza haliulizi breki ni za aina gani. Punguza mwendo kabla ya kona, achia breki ndani ya kona, weka uzito kwenye pedeli ya nje. Usiwakaribie wengine: kwa mashindano ya kawaida ya Uingereza umbali unaotakiwa ni meta 10, na siku ya mvua ongeza. Miwani ya vioo vyeupe huzuia matope yanayorushwa na gurudumu la mbele yako.

Kunywa hata kama kiu haipo. Kilomita mbili za mwisho teremsha gia, zungusha miguu haraka kwa wepesi, kunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mkono mmoja mmoja, panapokuwa na barabara nyoofu, utikise.

Mbio zenyewe ndizo sehemu ndogo ya tatizo. Kilomita ya kwanza miguu haina hisia, na anayejaribu kurefusha hatua hapo hukanyaga vibaya. Hatua fupi na za haraka hurudisha damu mapema. Soksi kavu zinalipa sekunde zake. Jaketi libaki mwilini hadi joto lirudi, zipu ifunguliwe kwanza, na kofia yenye ukingo izuie mvua machoni. Baada ya kilomita mbili, mtu aliyetunza joto lake huanza kuwapita wengi, na ni haki yake.

Baada ya utepe

Hatari haiishii kwenye mstari. Aliyepoa anapoacha kujituma, joto la ndani huendelea kushuka kwa dakika kumi na zaidi, kwa sababu misuli imeacha kuzalisha joto wakati sehemu za nje za mwili bado ni za baridi. Picha na medali vingoje. Vua kila kilicholowa, anza na kiwiliwili, vaa kavu tabaka juu ya tabaka, kofia ya sufi kichwani, kinywaji cha moto chenye sukari mkononi. Usikimbilie bafu la maji ya moto ukiwa bado unatetemeka. Mishipa ya ngozi ikifunguka ghafla unaweza kuzimia. Wala usiendeshe gari mpaka kutetemeka kuishe kabisa.

Mwili ukishuka chini ya digrii 35 hali hiyo ni ya kitabibu. Mtu hujikwaa, maneno humtoka yakiburuzika, hukasirika bila sababu au hukaa kimya, hushindwa kazi ndogo kama kufunga zipu. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, hilo si nafuu, ni kuzidiwa: waite wahudumu wa huduma ya kwanza, au piga 999. Dalili hizo mwenye nazo mara nyingi hazioni, huziona aliye pembeni yake.

Kwa sababu hiyo usiende kwenye shindano la namna hii bila mtu wako. Mkabidhi begi la nguo kavu na chupa ya chai kabla hujaingia majini, mweleze dalili hizo, na mwambie akungojee kwenye mstari wa kumalizia, si ndani ya gari.